Kanda ya Harusi Ghalani Niliyoifuata Mpaka Myanga

Baba yangu alikuwa na jogoo mmoja mwekundu ambaye alikuwa anawika saa nane mchana. Si alfajiri kama jogoo wa watu. Saa nane, jua kali, watu wamejinyoosha kidogo baada ya ugali, ndio yeye anapanda juu ya rundo la mabua na kuanza. Jirani yetu akaja kumwambia baba amchinje. Baba akakataa. Hakuwa anampenda huyo jogoo, alimrushia mawe mara nyingi nikiona. Alikataa kwa sababu ameambiwa. Siku moja jogoo akapatikana shingo imevunjwa. Baba hakuuliza mtu. Alichukua panga akaenda kukata migomba mitatu ya jirani. Jirani akaita ndugu zake, na ikawa vita ya miezi. Mimi ndiye nilikuwa napita kando ya boma la huyo jirani kila asubuhi nikienda shule. Nikatolewa shule darasa la tatu, nikapelekwa Kitale kwa shangazi nisije nikapigwa njiani. Hiyo ndiyo sababu mwandiko wangu uko hivi, mnivumilie.

Shangazi alikuwa anafagia kwa posho mili, kinu cha kusaga mahindi. Nikawa nafagia naye. Huko nyuma kulikuwa na ghala, na Jumapili mili ikifungwa, walikuja walimu na makarani fulani wakaomba mwenye mili awaachie ghala wafanyie mazoezi ya mchezo. Niliachwa niwachunge wasiibe mahindi. Badala ya kuwachunga nikakaa juu ya gunia, mdomo wazi, mpaka jioni. Mchezo wenyewe uliitwa Harusi Ghalani. Kwa hivyo nyinyi mnaouliza nilianzaje ugonjwa huu, jibu ni jogoo.

Nyinyi mnaokaa pale kwa fundi viatu hapa kijijini Kwanza mmeniuliza, mmoja mmoja, ile safari ya Myanga ilikuwaje na kanda iko wapi. Nimechoka kurudia. Kila nikirudia hasira inapanda na dawa ya presha ni ile ile moja kwa siku. Naandika mara moja, mpeane karatasi.

Wale ambao hawajui: Harusi Ghalani ni mchezo wa nyimbo tupu. Wageni wa harusi wanafungiwa ndani ya ghala la mahindi kwa sababu karani wa mizani ameangusha ufunguo ndani ya gunia, hajui gani. Wanafungua gunia moja moja huku wanaimba, wanagombana, wanapatana, bibi arusi analia. Basi. Siku ya kwanza walipouonyesha watu wengi waliondoka katikati. Tulibaki kama kumi na tano, na hao kumi na tano tukashikwa na mchezo. Tulirudi, tukarudi tena. Karani akisema, "Ufunguo sijauona," sisi huku chini tunapiga kelele, "Angalia kwa gunia!" na tunamrushia punje za mahindi tulizobeba mfukoni. Mtu akija bila punje tulimwona kama amekuja kanisani bila viatu. Vikundi vingine vikauchukua, Kachibora, Bungoma, na kila kikundi kilitoa kanda yake au santuri. Kuna mtu hata alikuja na kamera akaupigia sinema. Sinema yenyewe hakuna aliyeiona mpaka leo, lakini kanda ya nyimbo zake ilitoka, na mimi ninazo mbili, moja kava ya kijani na moja ya bluu. Ninazo zote nyumbani kwa sanduku la bati. Zote isipokuwa ya Bungoma.

Na hiyo ya Bungoma ndiyo nilikuwa naitaka kuliko zote, kwa sababu ya Rael.

Rael, mke wangu, mama wa binti yetu Naomi, alikuwa mwimbaji wa nyuma katika kikundi cha Bungoma kabla sijamjua. Aliniambia siku walipoingia ukumbi wa kanisa kurekodi, bibi arusi wao wa kawaida alikuwa mgonjwa, na kava ya kanda iliandikwa jina lake yeye Rael kama bibi arusi. Rael alifariki Naomi akiwa na miezi minne. Wakati huo hatukuwa na simu za kurekodi mtu akiongea ovyo. Naomi sasa ana watoto watatu na hajawahi kumsikia mama yake akisema hata "ndiyo". Nilimwahidi nitamletea hiyo sauti. Nilimwahidi akiwa msichana mdogo, na mimi nikazeeka nayo, nimeuliza mpaka Busia.

Halafu mwaka huu Mwalimu Barasa, aliyekuwa kiongozi wa kile kikundi, alikuwa anabadilisha mabati ya nyumba yake Myanga, akaipata kwa dari. Akanipigia simu, akaicheza kidogo nisikie. Akasema, "Josia, njoo uichukue na mkono wako. Sitaicheza tena, utepe umezeeka utakatika." Nikasema nikimaliza kupanda. Nikapanda. Mvua ikaja, nikapalilia. Barasa akafa.

Kijana wake Wafula akanipigia. "Mazishi ni Jumamosi, mzee. Baba aliacha neno. Amesema wewe usipofika kabla jeneza halijafungwa, aende nayo. Hataki wajukuu wachezee."

Nikasema, "Mimi Ijumaa niko hapo." Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sasa nawauliza, kutoka hapa mpaka Myanga ni wapi? Si ni hapo tu?

Kwanza mpaka Kitale

Jumatano asubuhi nilipanda trela ya jirani yangu, imejaa mahindi ya kupeleka Kitale, trekta inaivuta. Barabara ilikuwa matope na nikaona trekta haiwezi kukwama. Haikukwama. Ilisimamishwa. Mtu mmoja amevaa koti la mvua alitoka shambani akapunga mikono kama nyumba yake inaungua.

"Dereva, nilimie hapo kidogo. Robo eka tu, jembe la trekta liko hapo."

"Niko na mzigo."

"Trela si utaiacha hapa? Na huyu mzee atakulindia."

Hakuna aliyeuliza huyu mzee. Dereva akafungua trela, akaiacha kando ya barabara na mimi juu yake, akaingia shambani. Robo ikawa nusu. Mwenye shamba la kando naye akatoka na koti lake. Mimi nimekaa juu ya magunia na mwavuli, nakula viazi vitamu baridi nilivyobeba, na wapita njia wananisalimia wakidhani nauza mahindi. Mama mmoja hata alinikasirikia nilipomwambia si yangu. "Kama si yako umekalia nini?"

Saa kumi dereva alirudi anapiga mluzi.

"Mzee, umekula?"

Tulifika Kitale jua linazama, nikalala kwa binamu.

Kitale mpaka Kachibora

Hapa ndipo nitasema ukweli, na mkitaka kucheka chekeni. Alhamisi ningeshika njia ya Bungoma. Badala yake nikaelekea Kachibora, upande mwingine kabisa. Kwa nini? Kwa sababu ya kava.

Kanda ya kikundi cha Kachibora ninayo, lakini kava yake panya walikula picha yote ikabaki miguu ya karani. Na nilikuwa nimesikia Mama Chebet, mjane wa yule aliyekuwa anaigiza karani wa mizani huko Kachibora, anayo safi, picha yote. Nikajiambia, nina siku mbili, Kachibora ni kwenda na kurudi. Mtu ambaye hajawahi kukusanya kitu hawezi kuelewa. Ukishakuwa na sita kati ya saba, hizo sita nazo zinaanza kukukera zilivyo chafu.

Nilifika kwake saa tano, suti yangu ya mazishi, Biblia mkononi kwa sababu niliitaka kwa mazishi. Mama Chebet akatoka mbio na leso anajifuta mikono.

"Mchungaji! Tumekungoja tangu jana!"

Kumbe kulikuwa na mchungaji alikuwa anangojwa aje aombee nyumba mpya. Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya jikoni. Sikuwa nimekula tangu vile viazi. Nikafunga mdomo.

Basi niliombea nyumba. Niliombea mlango, madirisha, tanki la maji. Niliomba vizuri, sitaki kudanganya. Mama mmoja alilia. Tukala kuku na wali na maziwa mgando ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti, watu wa huko Cherangany wanajua maziwa. Lakini sasa mchungaji ataulizaje kanda za mchezo ambao watu wa kanisa la huko walikuwa wanaukataza? Nikawa najipapasa tumbo lililoshiba tu. Mvua ikashuka. Wakasema mchungaji hawezi kutembea kwa mvua hii, wakanipa kitanda cha kijana wao.

Ijumaa asubuhi tukiwa kwa chai mchungaji wa kweli akafika kwa pikipiki.

Mama Chebet alimwangalia yeye, akaniangalia mimi.

"Na wewe ni nani?"

"Mama, mimi ni Josia wa Kwanza. Nimekuja kwa sababu ya kanda ya marehemu mzee wako. Ya Harusi Ghalani."

"Wewe umekula kuku wangu!"

"Nimekula, mama."

"Umeombea hata choo!"

Mchungaji alikuwa anacheka mpaka kofia ya pikipiki ikaanguka. Mama Chebet hakucheka. Alinisema mbele ya watu wote, ya mzee mwongo, ya mvi bila haya, mpaka chai ikapoa. Halafu akaingia ndani, akatoka na ile kava, bila kanda, kava peke yake, akanitupia.

"Chukua. Mzee wangu naye alikuwa mjinga wa hayo mambo hivyo hivyo. Toka."

Ilikuwa safi. Picha yote, karani ameshika mizani, meno nje. Nimeiangalia njia yote.

Kachibora kurudi Kitale

Hii ni fupi lakini ndiyo iliniua. Nilirudi na lori ya kabeji, nimekaa juu ya kabeji, turubai limetoboka. Mvua ikaanza. Kwa mfuko wa suti nilikuwa na simu, imefungwa ndani ya karatasi ya plastiki, kwa sababu mimi ni mtu makini. Nikaitoa simu kwa plastiki, nikaweka kava. Simu nikaiweka mfukoni hivyo hivyo.

Kitale simu ilikuwa inatoa maji kama sponji. Ikazima. Binamu akaitia kwa unga wa mahindi ati itakauka. Ikakaa na unga tu, na usiku ukatukuta, nikalala kwake tena.

Sasa mnajua kwa nini Wafula hakunipata.

Kitale mpaka Bungoma

Jumamosi alfajiri nilipata lori inapeleka mbao Bungoma. Dereva anaitwa Simiyu, kijana mnene, mchangamfu, anaimba. Nikamwambia niko na mazishi saa nane Myanga.

"Mzee, saa nne uko Bungoma unakunywa chai. Mimi sisimami."

Tulipita Kiminini vizuri. Tukakaribia Kamukuywa, Simiyu akaacha kuimba, akapunguza, akaingiza lori kando nyuma ya miti, akazima.

"Mbona tumesimama?"

"Mzee, unaona yule mama wa ndizi pale mbele?"

"Namwona."

"Ni mama mkwe."

Simiyu alikuwa ameinama chini ya usukani, mtu mzima, mkubwa kama kabati.

"Si upite tu haraka?"

"Nipite vipi? Barabara ni nyembamba, ataniona uso, na mimi nitamwona uso. Mzee, wewe ni Mluhya gani?"

Na hapo alinishika, kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe mama yake Rael nilikuwa nikimsikia anakohoa tu naruka ua. Sisi ndivyo tulivyo, mkwe ni mkwe, huwezi kukutana naye njiani kama mtu wa soko. Lakini siku hiyo nilikuwa nataka kumnyonga mtu.

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko ya huko chini, lakini daraja halibebi mbao."

"Anaondoka saa ngapi?"

"Akimaliza ndizi."

Nikashuka. Nikaenda kwa yule mama, nikamsalimia, nikamwambia kwa heshima kwamba mkwe wake yuko kwa lori nyuma ya miti, na mimi nachelewa mazishi, aingie kwa duka la nyuma kidogo tu tupite.

"Simiyu?" akashtuka, akajifunika kichwa na leso pale pale ingawa lori haionekani. "Woi! Na ndizi nimwachie nani?"

"Mimi nitazilinda."

"Wewe nakujua? Mwambie angoje. Hata mimi namwonea aibu. Zimebaki kidogo."

Zilikuwa vichana kumi na viwili. Nilihesabu. Basi nikafanya nini? Nikasimama kando yake na suti yangu ya mazishi, nikaanza kuita wateja. "Ndizi! Ndizi tamu!" Kila pikipiki nilisimamisha. Ndizi nyingine nilinunua mwenyewe nikala nimesimama, nilikula saba mpaka tumbo likawa gumu. Lakini wateja wakija, mama anaanza kuwauliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka za mbuzi. Watu wakaanza kumsifu ati amepata mzee msaidizi. Jua likapanda likapita juu ya kichwa. Alipofunga kikapu akaniambia, "Asante, baba, leo nimemaliza mapema."

Mapema!

Simiyu aliendesha kama mwendawazimu kutoka hapo, kwa aibu. Bungoma tulifika saa kumi. Nikaruka chini nikamshika kijana wa pikipiki.

"Myanga, kwa Mwalimu Barasa, haraka."

"Mazishi? Mzee, mimi natoka huko. Imeisha. Hata chakula imeisha."

Nilikaa chini kando ya barabara na suti yangu. Watu wa mazishi walikuwa wanapita, nguo nzuri, viatu matope, wanaongea habari ya bei ya mbolea. Nilitaka kumrukia kila mmoja.

Bungoma mpaka Myanga

Mtaniuliza kwa nini niliendelea. Nililala kwa mtu wa kanisa letu pale Bungoma nikijiambia, huyu Wafula ana akili, ameiweka kando. Nani atazika kanda? Jumapili asubuhi nikaenda.

Pale kwa Barasa walikuwa wanafanya siku ya kunyoa wafiwa na kumaliza madeni ya marehemu. Kawaida ingengoja, lakini watoto wa Nairobi walitaka kurudi kazini, kwa hivyo wakaifanya siku ya pili, haraka haraka, na mashine ya umeme. Mjane alikuwa amenyolewa, kichwa kinang'aa. Turubai bado liko, viti vya plastiki. Na mzee mmoja wa ukoo alikuwa amesimama na fimbo anauliza kama ilivyo desturi, nani alikuwa na jambo na marehemu, aseme leo, asiseme kesho. Mmoja akasema ana ng'ombe wake kwa boma la Barasa. Akakubaliwa. Mwingine akasema jembe. Akakubaliwa.

Mimi nikasimama nyuma kabisa.

"Mimi nina kanda yangu kwa marehemu."

Watu wakageuka. Wafula akasimama, na uso wake ulivyobadilika nilijua kabla hajasema.

"Mzee Josia! Ulikuwa wapi? Tulikupigia mpaka betri ikaisha. Tulifungua jeneza mara mbili! Mtu akisema ameona mzee wa suti anakuja, tunafungua. Tulingoja mpaka saa tisa, wazee wakasema mvua inakuja."

"Kanda iko wapi?"

Aliinua kidevu upande wa kaburi. Udongo ulikuwa bado mwekundu, maua yamelala.

"Mfuko wa shati," akasema. "Wa kushoto."

"Wafula, wewe umesoma. Ungeiweka kando! Nani angejua?"

"Neno la mtu aliyekufa, mzee? Mimi nilivunje?"

Hapo ndipo nilisema kile ambacho baadhi yenu mmekisikia kwa watu wengine, na ndiyo, nilikisema. Nilisema, "Fukueni."

Wanawake wakaanza kupiga kelele, mmoja anashika kichwa, mwingine anaita jina la Yesu. Mzee wa fimbo alikuja mpaka mbele yangu.

"Wewe mtu wa Kwanza. Umesema nini kwa boma hii?"

"Nimesema hicho ni changu. Sauti ya bibi yangu iko chini ya udongo wenu, na mtoto wangu hajawahi kuisikia. Ng'ombe mnarudisha, jembe mnarudisha, yangu mnazika!"

Walitaka kunitoa, nadhani, vijana walikuwa wameshainuka. Lakini mama mmoja mzee akapita katikati yao, mwembamba, ameshika kiti chake cha plastiki kama ngao. Akakiweka chini, akanikalisha kwa nguvu.

"Mwacheni. Mimi namjua huyu. Ni baba Naomi. Mimi ni Nekesa, baba Naomi, niliimba na Rael kikundi kimoja, nyuma, sisi wawili kwa pembe moja."

Akapiga magoti kando yangu, akanishika mkono, na kwa sauti ya kumliwaza mtu, sauti nzuri kabisa, akaniambia:

"Usiumie hivi. Hujapoteza kitu. Ile haikuwa sauti ya Rael."

Akaendelea:

"Siku ile ya kurekodi hata Rael koo lilikuwa limefunga. Mimi ndiye niliimba. Lakini mume wangu alikuwa amenikataza huo mchezo, alisema akisikia nimeimba tena atanirudisha kwetu. Rael akasema, andikeni jina langu. Akaapa hatamwambia mtu. Kumbe hata wewe hakukuambia? Huyo alikuwa mtu, baba Naomi. Mume wangu amekufa sasa, naweza kusema."

Na watu pale, mnajua walifanya nini? Walipumua. Walifurahi! Ati jambo limekwisha. Mzee wa fimbo akasema, "Umeona? Kumbe hakuna kitu." Wafula akasema, "Asante Mama Nekesa." Wote wananiangalia kama mtu aliyepona.

Mimi nilikuwa naitafuta ile sauti kwa kichwa. Barasa aliponichezea kwa simu, ubeti wa pili, pale bibi arusi anaomba mlango ufunguliwe, mwimbaji anashika pumzi kidogo katikati ya neno, kama mtu anayezuia kicheko. Nilipoisikia hiyo nilikaa chini jikoni kwangu. Hiyo ilikuwa Rael. Rael alikuwa anashika pumzi hivyo kila akitaka kumcheka mtu. Nani mwingine duniani anashika pumzi hivyo?

"Si umwimbie sasa, mama," mtu akasema. "Aende na kitu."

Na Nekesa akasimama akajinyoosha mgongo, akaanza. Ule wimbo wa bibi arusi. Sauti imezeeka lakini iko, bana, iko. Kumbe kulikuwa na wengine wa zamani pale chini ya turubai, kwa sababu wakaanza kuitikia, "Angalia kwa gunia!" na punje za mahindi zikaanza kuruka, zinanipiga mabegani, kwa mapenzi. Wanacheka na wanalia. Siku ya pili ya mazishi!

Naomi nimemwambia kanda ilizikwa. Basi, hiyo tu. Alilia, akasema si kosa langu, na mimi nikakubali maneno hayo nikijua niliuza siku mbili kwa picha ya meno ya karani. Hayo ya Nekesa sijamwambia. Mkimwambia nyinyi, tutakosana mpaka mnizike. Na Rael nimemkasirikia pia, ndiyo, aliye mbinguni, kwa miaka hiyo yote alilala kando yangu na siri ya mtu mwingine. Au hakuwa na siri yoyote na huyu mama ni mwongo. Mimi sijui. Ningejua. Ningekaa pale kwa kile kiti dakika moja tu ningejua, kwa sababu ubeti wa kwanza ulikuwa unaisha, na watu walikuwa wanapiga makofi ya kuingiza wa pili, ule wa kushika pumzi.

Nikasimama. Nekesa alikuwa amefunga macho, hakuniona. Nikapita kati ya viti, nikapita kaburi, nikaruka ua kama kijana. Wafula akanifuata mpaka barabarani, "Mzee, karibu chakula! Mzee, ni kuku!" Sikugeuka. Nikatia vidole viwili masikioni, mzee mzima na suti, mvua inaanza, watoto wa watu wananionyesha wenzao, na nikatembea hivyo mpaka lami. Myanga sijarudi, na sitarudi.